Swichi ya Upande wa Akwero

Kosa la kwanza lilikuwa la fundi aliyejenga ukuta, maana hakuufikisha kwenye bati. Aliusimamisha juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, akakusanya vyombo vyake, akaenda zake. Mzee Erinayo, mwenye nyumba, akaitazama ile nafasi iliyobaki akaona neema: balbu moja itamulika vyumba viwili. Akaitundika juu ya ukuta, katikati kabisa, nusu huku nusu huku. Swichi ikawa moja tu, na swichi hiyo ikakaa upande wa Nusura.

Upande wa pili alikaa Akwero na mumewe Ojera na binti yao Atoo. Ojera alikuwa mlinzi wa ghala huko Nakawa. Aliondoka jioni na rungu lake, akarudi asubuhi kulala. Akwero alitengeneza odii, simsim na njugu zilizokaangwa zikasagwa mpaka zikalainika kama siagi, akaiuza kwa vikopo sokoni Ggaba. Mchana aliuza, jioni alichambua simsim ya kesho. Na simsim, kama hujawahi kuichambua, ina vijiwe vya rangi ileile na ukubwa uleule kama yenyewe. Bila taa huvioni. Meno ndiyo huviona.

Nusura alikuwa mjane wa sajini, Mnubi, mama wa Akram, msusi wa mikeka na masinia ya ukindu, mtu mzima mwenye goti bovu na ulimi mzima. Yeye na Akwero wote walikulia kambi za askari, kwa hiyo waligombana kwa Kiswahili, tena kile cha kambini ambacho hakina mapambo.

"Mama Akram," Akwero aliita kila siku ikifika saa moja jioni, "naomba taa."

"Nani anaomba?"

"Mimi, jirani yako."

"Jirani yupi? Niko na majirani wengi."

"Mama Atoo."

"Mama Atoo gani? Yule alimwaga maji kwa mlango yangu asubuhi?"

"Yalikuwa maji safi."

"Sawa. Wacha yakauke kwanza, halafu taa itakuja."

Na Akwero angekaa gizani na ungo wake mapajani, akingoja maji yakauke. Siku nyingine taa ilikuja mapema, ikaondoka mapema. Ikiwa Akwero aliimba, ilizimwa. Ikiwa harufu ya simsim ya kukaanga ilipanda juu ya ukuta, ilizimwa, na sauti ikasikika gizani: "Kohoa sasa na wewe, uone vile mimi nakohoa." Alivumilia. Mpangaji hamwendei mwenye nyumba kumshtaki jirani kwa sababu ya balbu. Atachekwa mtaa mzima.

Kilichommalizia uvumilivu ni jino la Okidi. Okidi alikuwa askari polisi, mteja wa makopo mawili kila Ijumaa. Ijumaa hiyo alikuja sokoni shavu limevimba, akasimama mbele ya wateja wengine watatu, akafungua kipande cha karatasi.

"Hii ni yangu," alisema, akionyesha nusu ya jino. "Na hii ni yako." Akaonyesha kijiwe.

"Pole, afande. Chukua kopo moja ya bure."

"Nitaikula na nini?"

Wateja wakacheka, halafu wakaondoka bila kununua. Akwero alirudi nyumbani na vikopo kumi na vitano ambavyo kwa kawaida havirudi.

Jioni hiyo Atoo alikuwa sakafuni na daftari la sayansi. Alikuwa darasa la sita, darasa lile ambalo mama yake aliishia. Alikuwa amechora betri mbili, balbu ndogo, na mistari inayozunguka kama mtu aliyetoka nyumbani, akapita sokoni, akarudi nyumbani kwa njia nyingine.

"Hiki ni nini?" Akwero aliuliza, akiweka kidole mahali mstari ulipokatika.

"Swichi, mama. Umeme lazima uzunguke. Unatoka kwa betri, unapita kwa balbu, unarudi kwa betri. Swichi ikifunguka, njia imekatika. Umeme haupiti, balbu inazima."

"Ikikatika hapa tu?"

"Popote."

Akwero hakuliacha neno hilo lilale. Alitoa betri za tochi ya Ojera, akachomoa balbu yake, akaomba waya kwa fundi redio wa jirani, akakata kipande cha bati kiwe swichi. Akaunganisha kama daftari lilivyosema. Akabonyeza bati: balbu ikawaka. Akaachia: ikazima. Akahamisha bati upande wa pili wa balbu, huko ambako umeme unarudi nyumbani kwake. Akabonyeza: ikawaka. Akaachia: ikazima. Alirudia mara nyingi mpaka Atoo akasinzia. Iwe kabla ya balbu, iwe baada ya balbu, kwa tochi hakuna tofauti.

Akainua macho juu ya ukuta. Waya mmoja wa ile balbu ulishuka kwa Nusura, kwenye swichi. Waya wa pili, ule mweusi, ulitambaa juu ya boriti upande wake yeye, juu ya kitanda chake, ukaenda zake kwa Mzee Erinayo.

"Kumbe," alisema taratibu, "njia ya kurudi inapita kwangu."

Hapo ndipo mtu angemshika mkono. Hakuwepo wa kumshika.

Jumanne umeme ulikatika mtaa mzima, mchana kweupe. Ojera alikuwa anakoroma. Akwero alipanda kitandani, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule kwa mumewe, na kisu cha jikoni mkononi. Mfukoni mwa gauni lake la gomesi alikuwa na swichi aliyoinunua dukani, ya mtumba, ina rangi ya jino la mvuta sigara. Akaukata ule waya mweusi, akaumenya ncha zote mbili, akafunga ncha moja upande huu wa swichi na nyingine upande ule. Akaipigilia swichi kwenye boriti, nyuma ya koti la mvua la Ojera.

"Unafanya nini?" Ojera aliuliza, jicho moja likiwa limefunguka.

"Natoa buibui."

"Toa polepole," akasema, akalala tena.

Umeme ulirudi saa kumi na moja. Saa moja jioni Akwero alikaa na ungo wake, hakuomba chochote. Upande wa pili swichi ikalia. Giza. Ikalia tena. Giza.

"Balbu imekufa," Nusura alisema peke yake. Akabonyeza mara sita.

"Mama Akram," Akwero aliita kwa sauti ya upole, "umejaribu kuiomba?"

"Kuomba nani?"

"Taa. Mimi huwa naiomba, na huwa inakuja."

Halafu, kwa kuwa sala ya magharibi ilikuwa imeingia na mkeka wa watu ulitakiwa kesho yake, Nusura alisema kwa shingo upande, akiitazama balbu, "Naomba taa."

Akwero akapanda kitandani taratibu, akaingiza mkono nyuma ya koti la mvua. Balbu ikawaka.

Alitafuna kanga yake asicheke. Siku tatu nzima alifanya hivyo. Nusura akikohoa kwa kebehi, taa ilizima. Akisema "samahani," iliwaka. Siku ya pili Nusura alichoma ubani chumba kizima, akasoma alichokijua, akaipulizia balbu moshi. Siku ya tatu aliwaambia wanawake bombani kwamba kuna kitu kimeingia katika nyumba ya Erinayo, kinapenda adabu. Atoo, aliyekuwa anachota maji, alicheka mpaka ndoo ikamponyoka.

Kicheko hicho ndicho kilichomfungua macho Nusura. Alirudi ndani, akapanda stuli na goti lake bovu, akachungulia juu ya ukuta kama kuku anayetazama shimo. Akaliona koti la mvua. Akalisogeza kwa kijiti cha kusukia.

"Mama Atoo," alisema kutoka juu.

Akwero aliinua kichwa kutoka kwenye ungo.

"Jini yako iko na swichi."

"Hata yako ilikuwa nayo miaka minne, Mama Akram."

Vita vikaanza. Jioni ile na iliyofuata hakuna aliyepata taa. Huyu akiwasha, yule alizima, maana njia ilikuwa moja na milango miwili, na mlango mmoja ukifungwa hakuna anayepita. Simsim haikuchambuliwa. Mkeka wa watu ukalala. Siku ya tatu Nusura ndiye aliyeanza, kwa sababu mwenye mkeka alikuja kudai mkeka.

"Sikiliza. Yangu nitaiacha imewashwa siku zote, siigusi tena. Wewe washa na yako magharibi, zima saa tatu na nusu. Lakini ukinichezea tena, namwambia Erinayo nani amekata waya yake."

"Sawa, Mama Akram."

"Na unifundishe hiyo kitu. Vile umefanya."

Hapo Akwero akapanda bei. Alileta betri na balbu ya tochi, akaketi mlangoni kwa Nusura, akamwonyesha. Wanawake wa bombani wakaja nao. "Umeme ni kuzunguka," aliwaambia, mikono ikichora hewani. "Kata njia mahali popote, umeme hausogei. Hausogei kabisa. Waweza kushika." Na akashika nyaya za tochi kwa vidole viwili, akacheka, wote wakaona kwamba hakufa. Wakaanza kumwita Injinia. Alijifanya hapendi.

Wiki mbili mambo yakaenda vizuri. Okidi alirudi, akanunua kopo moja la odii, akaila upande wa kushoto.

Siku ya Alhamisi balbu iliungua kweli. Ilipiga cheche moja ndani, ikawa nyeusi. Ijumaa jioni Nusura alirudi na mpya. Kulikuwa bado na mwanga kidogo mlangoni. Alitawadha kwanza, mikono, uso, miguu, halafu akakumbuka kwamba hatoweza kusoma msahafu gizani, akapanda stuli hivyohivyo, maji yakimtiririka viwikoni, mkono mmoja ameegemea ukuta ambao chokaa yake ilikuwa na unyevu tangu mvua za Aprili.

"Mama Atoo, nipo juu huku. Umezima?"

Akwero alipanda kitandani, akanyoosha mkono nyuma ya koti, akabonyeza. Sauti ya swichi ikasikika vyumba vyote viwili.

"Nimezima. Kwani yako?"

"Yangu imewashwa, kama vile tulisema. Nishuke nizime? Goti hili likishuka halipandi tena."

"Usishuke. Si njia imekatika? Shika tu."

Alisema hivyo. Kwa mdomo wake. Balbu iliyoungua haisemi kama waya una umeme au hauna. Ni giza tu, na giza linafanana.

Nusura aliitoa balbu ya zamani. Akapapasa holda kwa vidole, atafute mahali pa kuingiza mpya.

Akwero alisikia stuli ikianguka, na kioo kikipasuka. Hakusikia kelele ya mtu, na hilo ndilo lililompeleka mlango wa pili mbio, ungo ukimwagika nyuma yake. Nusura alikuwa chini, ubavu mmoja, macho wazi, vidole vya mkono wa kulia vimekunjwa kama vimeshika kitu ambacho hakipo.

"Atoo! Kimbia kwa Mzee Erinayo, mwambie azime swichi kubwa!"

Akwero alipiga magoti kwenye vioo. Alimwita kwa jina ambalo hakuwahi kulitumia, akamwita "mama" tupu, bila Akram. Ulikuwa muda mfupi. Kwake ulikuwa mrefu kuliko miaka yote minne. Halafu kifua cha Nusura kikapanda, akavuta pumzi kama mtu anayetoka chini ya maji.

"Umesema umezima," Nusura alisema.

"Nilizima."

"Nimesikia."

Mwanawe Akram alimpeleka kliniki. Vidole viwili vilikuwa vimeungua, nyonga imevimba. Daktari alisema kuanguka ndiko kulikomwokoa. Angekuwa ameshikilia kitu asianguke, wangekuwa wanazungumza mambo mengine.

Asubuhi Ojera alirudi kazini akamkuta mkewe ameketi, hajavua nguo za jana. Mke akamwambia yote, hata buibui.

Ojera aliweka rungu chini. "Erinayo anakuja na fundi saa tatu. Akiona hiyo swichi, jioni tunalala nje. Panda uitoe. Unganisha waya kama ilivyokuwa. Useme hujui."

Umeme ulikuwa umezimwa kwa Erinayo, kila mtu alijua. Akwero alipanda kitandani, akasogeza koti. Alinyoosha mkono. Mkono ukafika karibu, ukasimama. Jana pia kila mtu alijua.

"Itoe," Ojera alisema.

"Itoe wewe."

Ojera, aliyewahi kukimbiza wezi watatu peke yake, alitazama ile swichi ya njano, akaficha mikono nyuma. Walikuwa wamekaa hivyohivyo, mke juu ya kitanda na mume chini, Mzee Erinayo alipoingia na fundi Wanjala.

Wanjala alikuwa mtu wa maneno machache. Alizunguka, akatazama upande wa Nusura, akatazama upande wa Akwero. "Nani ameweka hii?"

Ojera alikohoa. Akwero akashuka kitandani.

"Mimi."

"Wewe?" Mzee Erinayo alisema. "Wewe unasaga njugu. Umeanza lini kusaga waya zangu?"

"Wacha aseme," Wanjala akasema. "Nyabo, mama, kwa nini uliweka hapa?"

Akwero akaeleza. Betri, balbu, kipande cha bati, kabla na baada, njia ikikatika popote. Alieleza vizuri, maana alikuwa ameshafundisha watu. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni, Nusura mwenyewe akiwa ameketi mbele yao juu ya kiti, mkono umefungwa bendeji.

"Yote uliyosema ni kweli kwa tochi," Wanjala alisema alipomaliza. "Tochi haina nguvu ya kukuua, kwa hiyo haijali swichi iko upande gani. Umeme wa ukutani unaingia kwa waya mmoja tu. Wewe umeweka mlango kwa njia ya kutokea. Mwizi ameshaingia ndani, wewe umemfungia asitoke. Taa imezima, lakini mwizi yupo palepale kwa holda, anangoja mtu aliyeshika ukuta wenye maji ampitie."

Wanjala akamtuma mtu awashe swichi kubwa. Akaacha swichi ya Nusura imewashwa, akazima ya Akwero, iliyolia kama ilivyolia jana. Akatoa testa mfukoni, bisibisi ndogo yenye kitaa kwenye mpini, akaiingiza ncha ndani ya holda tupu.

"Tazameni."

Kitaa cha testa kikawaka. Kilikuwa chekundu, kidogo kama punje ya simsim.

Wanjala akanyoosha mkono mwingine, akazima swichi ya Nusura. Kile chekundu kikafa.

"Hiyo ndiyo ilikuwa ya kuzima," alisema.

Akwero alimtazama Nusura. "Mama Akram, mimi sikukudanganya."

"Najua," Nusura alisema. "Ungenidanganya ningekuelewa; nimeshazoea kudanganywa na watu. Wewe ulisema ukweli, na ukweli ukanirusha chini."

Mzee Erinayo aliona hapo ndipo pa kuingia. Alisema wapangaji wa aina hii atawatoa mwisho wa mwezi, tena watamlipa fundi kwanza. Halafu, kwa kuwa watu walikuwa wengi na yeye alikuwa mzee wa kanisa, akamgeukia Nusura. "Wewe ndiye umeumia. Sema wewe. Wakae au waende?"

Akwero alisikia Ojera akiacha kupumua. Nusura aliutazama mkono wake uliofungwa, akaugeuza upande huu na upande ule, hakuwa na haraka hata kidogo. Alijua thamani ya dakika ile, akaila yote.

"Wakae," alisema mwishowe. "Wakienda utaniletea mwingine ambaye hajawahi kuua mtu. Huyo ndiye hatari. Huyu sasa anaogopa."

Alasiri hiyo Wanjala aling'oa kila kitu. Waya mweusi aliuunganisha mzima, akaweka balbu mpya na swichi mbili mpya, moja huku moja kule, za aina ambayo nyaya zake hupishana, ili kila mmoja aweze kuwasha na kuzima bila kumwomba mwenzake. Zote mbili alizikalisha kwenye waya unaoingia. Alizipima mbele yao na testa mara tatu, akajumlisha gharama, Akwero akalipa kwa vikopo na kwa ahadi, fundi akaenda zake.

Wanjala aliiacha taa inawaka. Akwero alichambua simsim yote, hakuna kijiwe kilichopita. Upande wa pili Nusura alimwelekeza Akram kusuka ukingo, akamtukana kwa upendo. Ikafika saa tatu na nusu.

"Mama Atoo," Nusura aliita. "Zima taa, nilale."

"Zima wewe, mama. Unayo yako sasa."

"Mimi ni mgonjwa."

"Mkono wa kushoto ni mzima."

"Zima wewe, Injinia."

Taa ikaendelea kuwaka. Saa nne Mzee Erinayo aligonga kwa Akwero akiwa na kandambili, akilalamika juu ya umeme wake unaoliwa bure. Wakamwambia azime mwenyewe. Akaisogelea swichi mpya, nyeupe, isiyo na doa. Akanyoosha kidole. Akakirudisha. Akakifunga ndani ya pindo la shati, akakinyoosha tena, akakirudisha tena. Mwisho akatazama huku na huku, akachukua mwiko wa mti uliokuwa juu ya sufuria, akasimama mbali kadiri mkono wake ulivyoruhusu, akaibonyeza swichi kwa ncha ya mpini.

Giza likaingia vyumba vyote viwili. Wakabaki hivyohivyo walivyokuwa, Mzee Erinayo na mwiko wake, Akwero na ungo wake, Nusura upande wa pili na mkono wake kifuani, na hakuna aliyejaribu kugusa chochote.